Kwihara na Elimu ya Kuchunguza Mali

Mwendo wa kilomita chache kutoka mjini Tabora ipo Kwihara, mahali ambapo katika karne ya 19 palijulikana na kila mfanyabiashara aliyeshika njia ya kati, tangu Bagamoyo hata Ujiji. Hapa, katika nchi ya Unyanyembe, misafara ilishusha mizigo, ikawalipa wapagazi wa kwanza na kutafuta wengine, kisha ikagawanyika: mingine ikaelekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mingine kaskazini hata Karagwe na Buganda, mingine kusini hata Ufipa. Mwaka 2006 Tanzania iliitaja njia hiyo, na Kwihara ndani yake, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Wageni wafikao huonyeshwa tembe lililojengwa upya, wakaelezwa kwamba hapo ndipo Stanley na Livingstone walipokaa mwaka 1872.

Katika makala hii nataka kuitazama Kwihara kwa jicho la mtu mwingine, yaani mwanafunzi wa uchumi aliyekwisha kupata shahada ya kwanza na sasa asomea ya pili au ya tatu. Mtu huyu amefundishwa mengi. Azijua kanuni za bei na fedha, na hesabu ndefu hazimtishi. Lakini sasa atakiwa kufanya kazi mbili ambazo hapo kwanza hakuzizoea: kulichunguza jambo ambalo jibu lake halimo kitabuni, na kusimama mbele ya watu wenye kujua ili aeleze alichokiona, akubali kuulizwa, na ajibu. Wengi hudhani kwamba kazi ya kwanza ni ya akili na ya pili ni ya ulimi, kana kwamba zaweza kutengwa. Historia ya Kwihara yaonyesha kwamba kazi hizo ni moja. Kila tarakimu ni neno la mtu fulani, na asiyemjua aliyeitamka, kwa kipimo gani na kwa haja gani, hataweza kuitetea mbele ya hadhara hata awe na ulimi mtamu namna gani.

Tuanze na vipimo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa. Katika soko la Unyanyembe mali ya kununulia ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba nyeupe na nyekundu. Nguo kubwa ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na pamoja nayo kaniki, nguo nyeusi ya nili iliyotoka Bara Hindi. Shuka moja ilikuwa mikono 4, na doti moja shuka 2, yaani mikono 8, ambayo ni yadi 4 hivi. Lakini mkono ni tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Basi mkono wa nani? Mtu mrefu na mtu mfupi hawakupima nguo sawasawa, na hilo lilikuwa jambo la kugombewa kila siku. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 au kilo 16 hivi, na mzigo mzito wa mpagazi ulihesabiwa kuwa kama frasila 2. Tena doti ya Unguja haikuwa na thamani sawa na doti ya Unyanyembe, kwa kuwa nguo ilizidi kupanda bei kadiri ilivyobebwa kwenda bara. Mwanafunzi akikusanya tarakimu za mahali hapa pawili na kuzijumlisha pamoja, jumla yake itakuwa sahihi kwa hesabu na uongo kwa uchumi.

Mfano mzuri wa kuuliza kabla ya kuhesabu tunaupata kwa Henry Morton Stanley. Alipofika Unguja mapema mwaka 1871 alikuwa amesoma vitabu vya wasafiri waliomtangulia, lakini hakuona humo jambo alilolihitaji kuliko yote: msafara wa watu 100 wala kiasi gani kwa siku? Akaenda kumwuliza mfanyabiashara Mwarabu, akapata jibu kwamba doti 10 zatosha kuwalisha watu 100 kwa siku moja. Ndipo akaandika kwamba imempasa kununua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Msomaji akizijumlisha ataona doti 3,650, nazo kwa doti 10 kila siku ni chakula cha siku 365, mwaka kamili bila kupungua wala kuzidi. Akiendelea kugawanya ataona kwamba doti 10 ni mikono 80, basi kila mtu hupata nguo isiyotimia mkono mmoja ili apate chakula cha siku. Kwa hesabu hiyo fupi tunaingia ndani ya maisha ya msafara kuliko kwa kurasa nyingi za sifa za milima na mito.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa na sharti ambalo halikuandikwa, nalo ni kwamba njia iwe wazi. Stanley alifika Kwihara tarehe 23 Juni 1871, akaikuta nchi katika vita. Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji, akishindana na Waarabu wa Unyanyembe na mtawala wao Mkasiwa, na Stanley mwenyewe akaingia vitani pamoja na Waarabu, wakashindwa. Hakuondoka Kwihara mpaka tarehe 20 Septemba. Siku hizo ni 89. Kama idadi ya watu ingebaki 100, kwa kanuni ile ile zingeliwa doti 890, karibu robo ya akiba ya mwaka mzima, bila hatua hata moja kupigwa. Mwanafunzi wa leo huita jambo hili dhana ya mfano wake, yaani lile alilolichukua kuwa ni kweli ili hesabu iweze kwenda. Hapana ubaya kuwa na dhana, kwani hapana hesabu isiyo nayo. Ubaya ni kuificha, au kutojua kwamba unayo. Mtu asimamaye mbele ya wenzake na kusema waziwazi, "Hesabu yangu yasimama juu ya jambo hili, na jambo hili likivunjika itaanguka hivi," huyo amekwisha kujibu nusu ya maswali kabla hayajaulizwa.

Miaka 14 kabla ya Stanley, Richard Burton alifika Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857. Alikaribishwa na Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyetoka Omani, naye akawa mwalimu wake wa habari za nchi, lugha zake, njia zake na bei zake. Mengi aliyoyachapa Burton mwaka 1859 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia, na mwaka 1860 katika kitabu cha juzuu mbili chenye sehemu mahsusi juu ya biashara, yalitokana na mazungumzo hayo. Ni hazina kubwa, na mpaka leo mchunguzi wa uchumi wa njia ya kati hawezi kuiruka. Lakini tujiulize Snay bin Amir alikuwa nani. Alikuwa mwenye mali. Aliijua bei ya pembe kwa kuwa aliinunua, na gharama ya mpagazi kwa kuwa aliilipa. Kama angeulizwa mpagazi mwenyewe juu ya ujira ule ule, je, angesema ni mwingi au kidogo? Kwa Snay ujira ulikuwa gharama, na kwa mpagazi ulikuwa riziki. Burton aliyeuliza sana hakuuliza pande zote, na maneno yake juu ya Waafrika yana dharau nyingi inayomlazimu msomaji kupepeta kila ukurasa. Tarakimu zake zaweza kutumika, lakini zitumike pamoja na jina la aliyezitoa.

Sasa nije kwenye jambo la daftari, ambalo lina uhusiano wa pekee na Unyanyembe. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Kongo ya mashariki. Alipenda kukaa sokoni kuwatazama wanawake waliokuja na samaki, mihogo na vyungu, wakibadilishana kwa ustadi. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akawa aandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara waliushambulia umati wa sokoni kwa bunduki, na wengi wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika habari hiyo siku zile zile, na baadaye akainakili katika kitabu kikubwa kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Kitabu hicho, ambacho wataalamu hukiita Jarida la Unyanyembe, alimkabidhi Stanley walipoagana tarehe 14 Machi 1872. Mwaka 1874, baada ya Livingstone kufariki, Horace Waller alikichapa pamoja na maandishi mengine, akiyatengeneza kwa namna yake. Hivyo kukawa na habari tatu za tukio moja: ya gazetini, ya kitabuni, na ya kiwandani.

Kwa miaka mingi watu walisoma ile ya tatu tu, kwa kuwa wino wa magazeti ulikuwa umefifia. Mwaka 2011 wataalamu walizipiga picha karatasi hizo kwa mianga ya namna mbalimbali, maandishi yakasomeka tena. Waliona kwamba habari ya kwanza na ile iliyonakiliwa hazilingani kila mahali. Wakaeleza kwamba katika ile ya kwanza zimo dalili za mashaka ya Livingstone, kwamba huenda baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe walihusika katika mauaji. Katika nakala safi mashaka hayo yalipungua. Hapa sina haja ya kumhukumu marehemu. Lakini mwanafunzi na aone hatari iliyopo katika safari ya kutoka daftari la shambani hadi ukurasa uliopigwa chapa. Kila anayenakili huchagua, na kila anayechagua huacha. Yafaa daftari la kwanza lihifadhiwe kama lilivyo, pamoja na makosa yake na mashaka yake, na liwe mahali ambapo mwingine aweza kulisoma. Wazee wa biashara walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali.

Tutoke sasa Kwihara twende na Stanley mpaka Uingereza, kwani huko ndiko tutakakoona kazi ya pili, ya kusimama na kueleza. Tarehe 16 Agosti 1872, miezi mitano tu baada ya kuagana na Livingstone, Stanley alisimama katika mji wa Brighton mbele ya sehemu ya jiografia ya mkutano wa Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi. Alisoma habari ya mwisho wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, ambako yeye na Livingstone walikuwa wameona mnamo Novemba 1871 kwamba mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki humo. Hilo walikuwa wameliona kwa macho, na lilikuwa jambo kubwa. Lakini Stanley alikuwa mwandishi wa magazeti, akaeleza kwa madoido ya kazi yake, na wasomi wakamtilia mashaka. Walimhoji pia juu ya Lualaba, ambayo Livingstone aliamini kuwa ndiyo mwanzo wa Nile. Stanley akakasirika, akawajibu kwa ukali, na ugomvi huo ukaendelea katika magazeti.

Tukilipima jambo hili kwa utulivu tutaona kosa katika pande zote mbili. Wasomi walimdharau mtu kwa sababu ya ufundi wake na asili yake, nao wenyewe hawakuwa wamefika Rusizi. Lakini Stanley naye aliyachanganya mambo matatu ambayo mchunguzi hana budi kuyatenga: aliyoyaona, aliyoambiwa na aliyoyadhani. Rusizi aliiona. Kwamba Lualaba ni Nile, hilo lilikuwa dhana ya mtu aliyempenda na kumheshimu, naye akalitetea kama jambo lililothibitika. Hatimaye Stanley mwenyewe aliifuata Lualaba, akatokea Boma mwezi Agosti 1877, akathibitisha kwamba ni mto Kongo. Basi wale waliomtia hasira walikuwa na haki katika neno hilo. Mwanafunzi anayeulizwa kwa ukali mbele ya watu na akumbuke Brighton. Adabu mbaya ya mwulizaji haimaanishi kwamba swali lake ni baya, na anayejibu hasira kwa hasira hupoteza nafasi ya kujifunza alipokosea.

Mwenyekiti wa kikao kile alikuwa Francis Galton. Jina hilo mwanafunzi wa uchumi hulijua kwa sababu nyingine, maana Galton ndiye aliyeanzisha, katika miaka ya 1880, hesabu za rigresheni na korelesheni, ambazo leo hakuna tasnifu nyingi za uchumi zinazozikwepa. Ndiye pia aliyebuni mwaka 1883 jina la ile imani ya kuchagua watu bora na duni kwa uzazi, imani iliyoleta maovu makubwa duniani. Ustadi wa kuhesabu, basi, haumkingi mtu na dharau, na dharau huingia katika uchunguzi pale pale mwanzoni, katika kuamua nani aulizwe na nani asiulizwe.

Hili lanirudisha kwa wapagazi. Kwa muda mrefu vitabu vingi viliwaeleza kana kwamba wote walikuwa watumwa waliobeba pembe hata pwani wakauzwa pamoja nazo. Picha hiyo ilikubalika kwa sababu walioandika hawakuwa na haja ya kuwauliza, na waliosoma hawakuwa na haja ya kushuku. Waliokuja kuibadili walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanafunzi wa shahada za juu. Abdul Sheriff, mzaliwa wa Zanzibar, alipata udaktari wa Chuo Kikuu cha London mwaka 1971 kwa uchunguzi wa uchumi wa Zanzibar, na katika kitabu chake cha mwaka 1987 alionyesha jinsi bei ya pembe ilivyopanda katika karne ya 19 wakati bei ya nguo za kigeni haikupanda pamoja nayo. Alfred Unomah, Mnigeria, aliichagua Unyanyembe yenyewe, akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1972. Yeye alieleza habari za vbandevba, yaani matajiri wenyeji wa Kinyamwezi waliokuwa na misafara yao wenyewe. Kisha Stephen Rockel, katika tasnifu yake ya mwaka 1997 huko Toronto na kitabu cha mwaka 2006, alionyesha kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye kazi ya ujira. Walipatana mshahara na posho, walikuwa na desturi na heshima ya kazi yao, na walipoonewa waligoma au kuondoka. Watumwa nao walikuwapo njiani, wala hapana anayeweza kuufuta uovu huo. Lakini kumwita mfanyakazi huru mtumwa ni kumnyang'anya kazi yake mara ya pili, baada ya kufa kwake.

Msomaji atauliza, sauti ya wenyeji wa biashara hiyo kwa Kiswahili ipo? Ipo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapa mwaka 1902 na 1903. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyachapa tena pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Humo mwanafunzi ataona mikopo ya Unguja, madeni, na hesabu za pembe, zikisemwa na mdaiwa mwenyewe kwa lugha aliyodaiwa nayo. Hata hivyo Tippu Tip naye ni mwenye mali, na waliotekwa na watu wake hawamo kitabuni ila kama idadi. Kila ushahidi wahitaji mwenzake.

Katika siku zetu mafunzo ya kazi hizi mbili yamepewa utaratibu. AERC, shirika la utafiti wa uchumi wa Afrika lililoanzishwa mjini Nairobi mwaka 1988, liliweka desturi ya kuwakutanisha watafiti mara mbili kwa mwaka. Mtafiti huleta kwanza shauri la uchunguzi wake, kisha kazi ikiwa ingali njiani, kisha taarifa iliyokwisha, na kila mara wenzake na wataalamu huipekua mbele yake. Tangu mwaka 1993 shirika hilo, pamoja na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, limeendesha masomo ya shahada ya pili ya uchumi, na wanafunzi wamekuwa wakikutanishwa kwa sehemu ya masomo hayo. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba mtu huulizwa mapema, wakati kosa bado laweza kurekebishwa. Stanley hakupata bahati hiyo, kwani aliulizwa mara moja tu, mbele ya umati, na magazeti yakingoja mlangoni.

Lakini utaratibu huo una upungufu mmoja, na hapa ndipo penye deni letu. Hadhira ya mwanafunzi ni wanauchumi, na lugha yake ni Kiingereza. Wale ambao maisha yao yamegeuzwa tarakimu, yaani mkulima wa tumbaku, mrina asali na mchuuzi wa stesheni ya Tabora, hawaketi katika kikao hicho. Tasnifu juu ya Unyanyembe zimekaa Ibadan, London na Toronto, na mzee wa Kwihara hana njia ya kusema, "Hapo umekosea." Kama tunashikilia kwamba uchunguzi haukamiliki mpaka uwekwe mbele ya wale wawezao kuukanusha, basi hawa ndio wawezao kuukanusha kuliko wote. Mwanafunzi atakayeweza kueleza rigresheni yake kwa Kiswahili safi mbele ya watu aliowahesabu, akawaambia alichoona, alichoambiwa na alichodhani, atakuwa amefanya mtihani mgumu kuliko ule wa chuo. Na akirudi chuoni hatatishwa na swali lolote, maana atakuwa amekwisha kuulizwa na wenye jambo.

Kwa hiyo nawashauri vijana wetu wanaosomea uchumi katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki wasiione njia ya kati kuwa ni habari za wazungu wawili na tembe moja. Waisome kama daftari la nchi yao, lenye kurasa zilizoandikwa na wenye mali na kurasa nyingi zilizoachwa tupu. Kuzijaza kwahitaji hesabu, na vyuo vyafundisha hesabu vizuri. Kwahitaji pia kuuliza kwa heshima, kuhifadhi daftari la kwanza, kutaja dhana waziwazi, na kustahimili swali kali bila kukasirika. Hayo hufundishwa kidogo, ijapokuwa wapagazi wa Unyanyembe waliyajua yote kwa namna yao: walipima mzigo kabla ya kuunyanyua, wakapatana ujira mbele ya wenzao, na kila mmoja alijua ni nani anamdai na kiasi gani.